Mlango Uliojaa Wasioingia

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosikika redioni



Leo nianze na kisa kidogo. Nilikuwa safarini Karagwe wakati wa msimu wa kahawa. Nilipofika Omurushaka, pale njia zinapokutana, niliingia katika steshenari moja kutoa nakala za karatasi zangu. Ndani nilikuta vijana wapatao 12, baadhi wamebanana kwenye benchi na wengine wamesimama, wote wakitazama kompyuta mbili. Walikuwa wanaomba nafasi katika chuo kimoja, na ile ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi. Mmoja wao alikuwa ametoka Nkwenda, wilayani Kyerwa, kwa bodaboda tangu alfajiri, na nauli ilikuwa ya kuazima kwa mjomba.

Kompyuta zilikuwa zinazungusha duara tu. Ukurasa haufunguki. Mwenye duka akawa anawatuliza: "Subirini kidogo waitu, mtandao uko chini." Lakini mimi nilikuwa na simu mkononi, na habari za magazeti nilikuwa nazisoma bila taabu. Mtandao haukuwa chini. Kilichokuwa chini ni mlango mmoja, mlango wa chuo kile. Na vijana wale, kwa haraka zao, kila ukurasa ulipokawia walibonyeza tena, na tena, na tena. Nilimwuliza yule wa Nkwenda amebonyeza mara ngapi. Akacheka kwa uchungu akasema, "Mzee, tangu saa tatu asubuhi, nani anahesabu?"

Jioni alipanda bodaboda kurudi kwao, fomu haijakwenda. Baadaye nilisikia kwamba chuo kiliongeza siku. Ila tangazo la kuongeza siku lilibandikwa kwenye tovuti ile ile isiyofunguka.

Ndugu msikilizaji, nimekianza kisa hiki kwa sababu siku ile hapakuwa na adui. Hakuna aliyevunja kufuli wala aliyeiba siri. Watu wema, wenye haja halali, walikuja wengi kwa wakati mmoja, mlango ukajaa. Sasa jiulize: ikiwa watu wema wanaweza kuuziba mlango bila kukusudia, mtu mbaya anayekusudia atafanya nini? Ndiyo habari yetu ya leo. Wataalamu wanaiita shambulio la kunyima huduma.

Tulitazame jambo hili kwa jicho la mkulima. Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, ni wilaya za kahawa. Mkulima huvuna, huanika, kisha hupeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi. Chama hupima, huandika, na kahawa huenda mnadani. Katika miaka ya karibuni minada hiyo imeingizwa kwenye kompyuta: wanunuzi huweka bei zao kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX, na wakulima huziona na kuamua kama wanauza au hawauzi. Hii ni hatua njema. Bei inaonekana kwa wote, na mnong'ono wa chini ya meza unapungua.

Lakini wazee wa Kagera wanaijua butura. Mkulima mwenye shida, mtoto anadaiwa ada au mama anaumwa, anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Hali kadhalika wanaijua kahawa inayovuka mpaka usiku kwa njia za magendo. Sisemi kwamba mfumo wa mnada umewahi kushambuliwa; sina maana hiyo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba siku njia halali inapoziba, njia ya panya haizibi. Mnunuzi wa butura hana seva. Ana mfuko wa fedha na pikipiki. Kwa hiyo kila tunapohamisha jambo la wananchi kwenda kwenye kompyuta, liwe mnada, malipo ya hospitali, ada ya shule au leseni ya biashara, tunabeba pia wajibu wa kuhakikisha mlango wa kompyuta hiyo hauzibwi kwa urahisi.

Seva ni nini? Ni kompyuta inayokaa mahali fulani, labda Dar es Salaam, labda Dodoma, labda Ulaya, ikisubiri maombi. Wewe uliyeko Kayanga unapofungua tovuti, simu yako inatuma ombi. Seva inalipokea, inatafuta ulichotaka, inakujibu. Kama karani wa dirishani. Na kama karani yeyote, ina mikono inayohesabika. Ina kumbukumbu ya kiasi fulani, nafasi fulani za kusikiliza wateja kwa wakati mmoja, na waya wenye upana fulani wa kupitisha mizigo.

Watu wa Kagera hawana haja ya kufundishwa maana ya njia kufungwa. Mwaka 1978 askari wa Idi Amin walilipua daraja la Kyaka, na njia ya kwenda Mutukula ikakatika. Hiyo ni namna moja ya kufunga daraja: kulivunja. Namna ya pili haihitaji baruti. Unaleta ng'ombe 500 unawasimamisha katikati ya daraja, hawaendi mbele wala hawarudi nyuma. Daraja ni zima, halina hata ufa, lakini gari la wagonjwa halipiti. Shambulio la kunyima huduma ni hii namna ya pili. Mshambuliaji haingii ndani. Anahakikisha tu kwamba wewe pia huingii.

Majirani zetu wa Kenya waliyaona haya kwa macho yao. Mwishoni mwa Juni 2023 serikali yao ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana kupitia mlango mmoja unaoitwa eCitizen. Haukupita mwezi. Tarehe 27 Julai 2023 aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, Eliud Owalo, alithibitisha kwamba mfumo huo umeshambuliwa. Alieleza kwamba washambuliaji walijaribu kuuziba kwa kupeleka maombi mengi kupita kiasi cha kawaida, na kwamba hakuna taarifa zilizopotea. Siku zile wananchi walilalamikia pasipoti, tiketi za treni, umeme wa kulipia kabla, hata huduma za fedha kwa simu. Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilijigamba kwamba kazi ile ni yake.

Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan, wakidai kwamba ndio waliokuwa wakiliendesha kundi hilo. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, chombo chao kilitumika kufanya mashambulio zaidi ya 35,000 katika muda wa kama mwaka mmoja. Mojawapo, la Februari 2024, liliipata hospitali ya Cedars-Sinai mjini Los Angeles, na wagonjwa wa dharura wakaelekezwa hospitali nyingine kwa muda wa saa 8 hivi. Huo ndio uzito wa jambo hili. Hakuna aliyeiba kitu hospitalini. Mlango ulijazwa tu.

Sasa wapo wanaodhani kwamba mashambulio ya namna hii ni ya nguvu peke yake, kwamba mwenye majeshi makubwa ndiye atakayeshinda, na wengine tukae tukisubiri rehema. Si kweli. Mashambulio mengi hupita kwenye mwanya mdogo, udhaifu fulani katika programu ya seva, ambao mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuutumia. Na mianya hiyo ina dawa inayojulikana. Niruhusu nieleze minne, maana mwanya unapoeleweka huogopwi tena, huzibwa.

Mwanya wa kwanza ni wa kubipu. Sote tunajua kubipu: unapiga simu, unakata kabla hajapokea. Mawasiliano ya intaneti huanza kwa salamu ya hatua tatu. Mteja anabisha hodi, seva inajibu karibu na kumwandalia nafasi, kisha mteja anathibitisha kwamba amefika. Mwenye nia mbaya anabisha hodi maelfu ya mara na hathibitishi hata mara moja. Kila hodi inaandikiwa nafasi daftarini, daftari linajaa watu ambao hawatakuja, na mteja wa kweli anakosa mstari wa kuandikwa. Septemba 1996 kampuni ya intaneti ya Panix ya New York ilisumbuliwa kwa siku kadhaa kwa njia hii. Dawa ilibuniwa mwaka huo huo: seva isiandike kitu daftarini kwa anayebisha hodi tu, bali impe namba yenye alama ya siri, na nafasi aandaliwe pale anaporudi na namba yake. Anayebipu harudi, basi hagharimu kitu. Leo dawa hiyo imo ndani ya Linux. Ni suala la kuhakikisha kwamba imewashwa.

Mwanya wa pili ni wa msemaji wa taratibu. Fikiria foleni kwenye mizani ya chama cha msingi. Anafika mtu dirishani, anasema, "Jina langu ni..." halafu ananyamaza. Baada ya dakika moja anataja herufi moja. Karani mwenye adabu hawezi kumfukuza, maana bado anaongea. Wakija watu wa namna hiyo wanatosha madirisha yote, mizani inasimama siku nzima, na wala hawajapaza sauti. Mwaka 2009 ilitolewa programu iitwayo Slowloris iliyofanya hivyo hivyo kwa seva za Apache. Haikuhitaji waya mpana. Ilihitaji subira tu. Dawa yake ni ukomo wa muda: mteja apewe sekunde kadhaa za kumaliza ombi lake, akishindwa atolewe dirishani. Mwaka 2010 Apache iliongezewa sehemu ya kuweka ukomo huo. Njia nyingine ni kutanguliza mbele seva kama nginx, ambayo haimfungi karani mmoja kwa mteja mmoja, bali inawasikiliza wengi kwa zamu na kumpelekea karani ombi lililokamilika.

Mwanya wa tatu ni wa mtaka vipande. Agosti 2011 iligundulika kwamba mtu anaweza kuiomba Apache faili moja kwa vipande vinavyopandana: nipe ukurasa wa kwanza hadi wa kumi, na wa kwanza hadi wa kumi na moja, na wa kwanza hadi wa kumi na mbili, na kuendelea. Ombi ni moja na ni dogo, lakini seva ilijitaabisha kuandaa vipande vyote kwa pamoja mpaka kumbukumbu ikaisha. Watengenezaji walitoa kiraka katika muda wa siku chache. Hapa ndipo penye somo. Dawa ilikuwapo tangu mwezi ule ule, ila haikumsaidia aliyesema nitaiweka kesho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kompyuta ufa hutangazwa dunia nzima siku unapogunduliwa.

Mwanya wa nne ni wa karibuni, na wakubwa pia uliwapata. Fikiria mama lishe aliyeweka sharti kwamba hakuna mteja kuwa na sahani zaidi ya 100 zinazosubiriwa. Anakuja mtu anaagiza wali, na kabla haujapakuliwa anasema, "Acha, sitaki," kisha anaagiza tena, anakataa tena. Kwa hesabu za sharti hana sahani hata moja inayosubiriwa. Lakini jikoni moto unawaka na mama anakimbia huku na huku. Mwezi Agosti 2023 washambuliaji walitumia hila hiyo katika lugha ya mawasiliano ya tovuti iitwayo HTTP/2. Google walieleza Oktoba mwaka huo kwamba walipokea maombi milioni 398 kwa sekunde moja, na kwamba katika dakika 2 yalifika maombi mengi kuliko idadi ya makala zilizosomwa katika Wikipedia kwa mwezi mzima wa Septemba. Viraka vikatolewa kwa seva karibu zote, navyo vinafanya jambo moja rahisi: kumhesabu pia anayeagiza na kukataa, na akizidi kumfungia mlango.

Ukizitazama dawa hizi nne utaona zimezaliwa tumbo moja. Seva isitoe kitu cha thamani, yaani nafasi, muda au kumbukumbu, kwa mtu ambaye hajaonyesha kwamba ana haja ya kweli. Na kila kitu kiwe na ukomo. Karani asiye na ukomo wa muda, wa idadi wala wa ukubwa, huyo si karani mkarimu. Ni karani aliyewasahau walioko nyuma ya foleni.

Hata hivyo ukomo uwekwe kwa akili, na hasa huku kwetu. Mtaalamu aliyesoma vitabu vya nje anaweza kusema: anwani moja ya intaneti isiruhusiwe kuwa na maombi zaidi ya kadhaa kwa dakika. Ni ushauri mzuri, lakini kumbuka steshenari ya Omurushaka. Vijana wale 12 wote walikuwa wanatoka kwenye anwani moja. Hali kadhalika, kampuni za simu huwaweka wateja wengi sana nyuma ya anwani chache. Ukifunga anwani moja kwa pupa unaweza kuwa umefunga mtaa mzima. Basi ukomo upimwe kwanza siku za kawaida, ujulikane mteja wa kweli anafanya nini, ndipo uwekwe juu kidogo ya hapo.

Kuna pia kazi ambayo seva inajibebesha yenyewe bila sababu. Mama lishe mwenye busara hupika maharage asubuhi, akapakua mchana. Hawashi jiko upya kwa kila mteja. Lakini tovuti nyingi zetu huwasha jiko upya kila mtu anapofungua ukurasa, hata kama ukurasa huo haujabadilika kwa wiki nzima. Orodha ya majina ya waliochaguliwa, bei za jana, tangazo la mkutano, vyote hivyo vinaweza kuandaliwa mara moja na kugawiwa tayari. Pia picha kubwa za viongozi zinazojaza ukurasa wa kwanza zipunguzwe. Laiti ukurasa wa fomu ungekuwa maandishi matupu, pengine kijana wa Nkwenda angerudi nyumbani mapema.

Hayo ni ya mwanya. Sasa mafuriko. Kuna mashambulio ambayo hata seva iwe imezibwa nyufa zote haiyawezi, kwa sababu maji yanajaza bonde kabla hayajaufikia mlango. Haya hutoka kwenye vyombo vingi vilivyotekwa, kila kimoja kikichangia tone. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si cha heri. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliteka kamera za ulinzi na ruta za majumbani kwa maelfu mengi. Iliwezaje? Ilijaribu majina na nywila zipatazo 60 tu, zile zinazotoka nazo kiwandani, ambazo wenye vyombo hawakuzibadili. Jeshi la namna hiyo lilitumika mwaka huo dhidi ya kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, nchi ya Afrika kama yetu, na mawasiliano ya wateja yakaharibika. Januari 2019 mahakama ya Uingereza ilimhukumu Mwingereza aliyehusika kifungo cha miezi 32. Alikuwa amelipwa na mtu wa kampuni shindani.

Kwa hiyo ndugu msikilizaji, wewe mwenye duka pale Kayanga, mwenye nyumba ya wageni, mwenye kamera ukutani na ruta juu ya kabati, jambo hili linakuhusu hata kama huna tovuti. Kamera yako yenye nywila ya kiwandani inaweza kuwa inashiriki usiku katika kumnyima huduma mgonjwa asiyejua hata Karagwe iko wapi. Badili nywila hiyo leo.

Na mwenye seva ajue kwamba mafuriko huzuiwa mtoni juu, si mlangoni. Yaani ni kampuni inayokupa intaneti, au shirika lenye vituo vingi duniani linalosimama mbele ya tovuti yako na kuchuja. Cloudflare, mathalani, wana kiwango cha huduma kisicholipiwa ambacho kinahusisha kinga ya namna hii. Ila ukishajificha nyuma ya mchujaji, anwani halisi ya seva yako isijulikane, na seva ikatae wageni wote wasiopitia kwake. Vinginevyo ni sawa na kuweka mlinzi langoni na kuacha uzio wa nyuma wazi.

Jambo kubwa kuliko yote ni wakati. Mazungumzo na kampuni ya intaneti hayaanzwi siku ya mafuriko. Siku hiyo simu haipokelewi, na anayepokea hajui jina lako.

Najua wapo watakaosema: haya ni mambo ya mabenki na serikali, sisi chama chetu kina tovuti moja na kijana mmoja wa kompyuta. Nawajibu hivi. Wajumbe wa bodi, iwe ya ushirika, ya shule au ya hospitali, hamhitaji kujua lugha ya kompyuta. Mnahitaji kuuliza maswali manne mkutanoni na kudai majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Kwanza, programu za seva yetu ziliwekewa viraka lini mara ya mwisho, na nani anafuatilia? Pili, ukomo wa muda, wa idadi na wa ukubwa umewekwa, na umejaribiwa? Tatu, mafuriko yakija tunampigia nani, na namba yake iko wapi? Nne, seva ikilala saa 6, kazi itaendeleaje?

Hilo la nne hudharauliwa, nalo ndilo linalookoa watu. Kenya walipoona mfumo wa viza umekwama mwaka 2023, walitangaza kwamba wageni watapewa viza wakifika. Walirudi kwenye dirisha na muhuri. Si aibu. Chama cha msingi kiwe na daftari la karatasi na stakabadhi zenye namba. Hospitali iwe na utaratibu wa kumhudumia mgonjwa kwanza na kuingiza malipo baadaye. Chuo kitangaze kabla kwamba mfumo ukikwama siku ya mwisho, muda utaongezwa, na tangazo litasomwa redioni. Nasema redioni kwa sababu mawimbi ya redio hayajazwi na msongamano wa wasikilizaji. Hata mkisikiliza milioni, wa mwisho atasikia sawa na wa kwanza.

Aidha tusiwe wepesi wa kulia kwamba tumeshambuliwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hakuwa adui. Mara nyingine ni umeme, mara nyingine ni siku ya mwisho ya maombi. Seva huandika kumbukumbu ya kila anayekuja. Zisomwe kumbukumbu hizo kabla ya kutoa tamko. Na ikithibitika kuna mkono wa mtu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingilia kwa makusudi utendaji wa mfumo wa kompyuta kuwa kosa, na kipo kikosi cha TZ-CERT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kinachoshughulikia matukio kama hayo. Taarifa ipelekwe huko ikiwa na kumbukumbu zake, siyo na uvumi.

Ndugu msikilizaji, tulipokuwa na dirisha la mbao na karani mwenye kalamu, mwananchi aliyekosa huduma alijua amekoseshwa na nani. Alimwona usoni, aliweza kumlalamikia, aliweza hata kungoja nje mpaka kesho. Leo anaona duara linazunguka. Hajui kama ni waya, ni adui, au ni uzembe wa mtu aliyekaa ofisini mbali naye ambaye hakuweka kiraka cha dakika 10. Anarudi Nkwenda kwa bodaboda akiamini bahati yake ni mbaya.

Si bahati. Mlango una mwenyewe, na mwenyewe anao wajibu wa kuangalia kwamba waliosimama mlangoni ni wale wanaotaka kuingia. Kazi hiyo hufanywa siku za utulivu, kabla ya msimu, kama mkulima anavyokarabati kichanja chake kabla kahawa haijaiva.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Kwa herini.